Kabla ya Kuchora Mbuyu, Nenda Ukautazame

Nimefungua vitabu vingi vya hadithi za watoto ambamo kijiji ni kile kile kimoja: nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi, mnazi pembeni, jua kubwa la njano, mama kajitwika kuni. Mtoto wa Bahi au Chamwino, huku Dodoma, akikifungua kitabu hicho hashangai, ameshazoea kwamba vitabuni ndivyo kulivyo. Lakini mnazi hajawahi kuuona. Nyumba ya bibi yake, kama ni ya zamani, ni tembe: ndefu, fupi kwenda juu, ina pembe na paa bapa la udongo ambalo juu yake unaweza kuanika mazao. Aliyechora alitoa kijiji kichwani mwake, na kichwani kilikuwa kimeingia kutoka kwenye michoro ya wenzake.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto hapa Dodoma. Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huniuliza nayatoa wapi mawazo, na naona jibu langu huwa linawapoza kidogo: natoka nje na daftari. Simu ninayo na ina picha za kila kitu. Naitumia nikitaka kuhakikisha mbuni ana vidole vingapi (viwili kila mguu). Shida ya picha ya simuni ni kwamba mwenzako ameshakuchagulia wapi pa kusimama, nini kiingie na nini kikatwe. Wewe unabaki kunakili uamuzi wake.

Chukua mbuyu. Kila mtu anaweza kuuchora bila kuutazama: shina nene, matawi yaliyokaa kimizizi, basi. Haya, lakini ni mbuyu wa mwezi gani? Kiangazi umekauka kabisa, hauna jani, na mabuyu yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Mvua zikishashika, kuanzia Desemba hivi, mti ule ule una majani mabichi na kivuli kizito, ukiuona kwa mbali unaweza usiutambue. Maua yake ni meupe, yanatazama chini, na hufunguka jioni popo wanapoanza kuruka. Sogea karibu zaidi. Kwenye baadhi ya mibuyu utakuta vijiti vimepigiliwa kwenye shina, kimoja juu ya kingine, ngazi ya mtu aliyefuata asali au matunda. Nani alivipigilia? Alikuwa na urefu gani, mbona hatua zake ni ndefu hivyo? Hapo tayari una hadithi, na hujaitoa Pinterest, ule mtandao wa picha.

Mahali pengine ninapopenda ni mnada wa mifugo wa Msalato. Wengine wanafuata nyama choma, na mimi pia sijidai, lakini daftari liko kwapani. Ukitaka kujifunza kuchora mbuzi, tazama mbuzi anayevutwa asikotaka. Miguu ya mbele inakakamaa na kutanguliza kwato, makalio yanashuka, shingo inarefuka, masikio yanaenda nyuma. Mtoto aliyeshika kamba naye ameizungusha mara mbili kwenye kiganja, amelala nyuma kwa uzito wake wote, na ndala moja imemtoka. Macho ya mbuzi nayo yatazame: kiini chake ni mstari wa kulala, si duara. Ukimchorea mboni za duara anageuka kuwa mbwa mwenye pembe. Mbuzi hakusubiri umalize, kwa hiyo chora haraka, mistari michache, bila kufuta. Ufutio acha nyumbani. Mchoro mbovu wa mnadani una uhai ambao utauhitaji baadaye ukiwa mezani.

Kisha kuna rangi. Vumbi letu lina wekundu, na linapanda kwenye kila kitu. Soksi nyeupe za mwanafunzi wa Dodoma huwa nyeupe saa moja asubuhi tu. Kufikia mapumziko zina mstari wa kahawia juu ya kiatu. Asubuhi uwanja wa shule unapofagiliwa, fagio huacha mistari ya nusu duara mchangani, na nyayo za wa kwanza kuchelewa zinakatiza katikati. Hilo la nyayo huwezi kulibuni ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kama una nauli, nenda Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya kwenda Babati. Michoro ya mapangoni kule iliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa akiinakili mwaka 1951. Watu huenda kwa ajili ya historia, ila mchoraji ana la kwake la kutazama. Wengi wa wachoraji wale walikuwa na rangi nyekundu, jiwe, na basi. Hakuna kivuli, hakuna mandhari ya nyuma. Bado ukimwona twiga unajua ni twiga, na pofu unamjua ni pofu kwa umbo la mwili peke yake. Watu wamechorwa warefu na wembamba, vichwa vikubwa, kila mmoja na mkao wake. Tangu niione michoro ile kila mhusika wangu namjaza rangi nyeusi tupu kwanza. Kama weusi ule hauoneshi ni nani na anafanya nini, sijamaliza, hata nguo ziwe na maua namna gani. Ukifika, usiguse mwamba, na usikubali mtu aumwagie maji ili picha ing'ae, maana ndivyo rangi inavyoondoka.

Mswada ukishafika mezani, usianze na ukurasa wa kwanza. Vitabu vya picha huwa na kurasa 16, 24 au 32 kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu, kwa hiyo ukihitaji moja ya ziada huipati. Chora visanduku vidogo vya kurasa zote kwenye karatasi moja ili uone hadithi inapumua wapi na inakimbia wapi. Uso wa mtu usiupeleke katikati panapokunjwa, utamezwa na mshono. Rangi inayofika mwisho wa ukurasa ipitilize milimita tatu, kwa ajili ya kisu kinachokata kingo za kitabu. Na kijani kile kinachong'aa kwenye kioo cha kompyuta kitafifia kikishachapwa, bora ukaone mapema kwenye karatasi.

Maandishi yakisema "Bibi alikuwa anapika," usinichoree bibi anapika halafu ukaishia hapo. Hilo nimeshasoma. Nichoree kuku anayedonoa mtama uliomwagika nyuma yake bila yeye kujua, au mjukuu anayelamba mwiko. Mtoto ambaye hajajua kusoma anataka siri yake ndani ya picha.

Rasimu yako waoneshe watoto kabla ya mhariri. Usiwaulize kama ni nzuri, watakuambia "nzuri shangazi" wakacheze. Wape kitabu, kaa pembeni, nyamaza. Watahesabu mbuzi. Ukurasa wa nne wako watano, wa sita wako wanne, watataka kujua yule mmoja kaliwa na nani. Binti mmoja jirani yangu aliwahi kuniuliza kwa ukali kidogo kwa nini mama kwenye picha amebeba mtoto mgongoni lakini kanga haijafungwa popote. Alikuwa na haki.

La mwisho ni hela, wengi tunalipitia juu juu kwa aibu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu umemaliza kuchora, hata kabla hujasajili popote, lakini mkataba unaweza kuzihamisha haki zako kwa sentensi moja. Isome sentensi hiyo. Uliza kama unauza mchoro wenyewe au ruhusa ya kuuchapa, na kama kitabu kikirudiwa kuchapwa, au kikitafsiriwa, wewe unapata nini. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza. Andikeni marekebisho ni mara ngapi, vinginevyo mhariri atakubadilishia gauni la mhusika mpaka Pasaka. Na karatasi ulizochorea kwa mkono zidai zirudi, kwa maandishi, kwa sababu kitabu kikishatoka hakuna mtu ofisini atakayekumbuka ziko kwenye kabati gani.