Kujitolea kufundisha watoto kijijini karibu na Masindi

Dada, umeuliza kama inafaa kwenda kijijini Desemba na Januari kuwasaidia watoto kusoma, na uanzie kwa nani. Miezi hiyo shule huwa zimefungwa, kwani muhula wa kwanza Uganda huanza Februari. Utawapata watoto, lakini hutapata darasa wala mwalimu wa kukuongoza. Mimi ningengoja muhula ufunguliwe.

Ukifika, jambo la kwanza ni kumwona mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ukiwa na barua na kitambulisho, kisha mwalimu mkuu, na wazazi wakujue kwa jina kabla hujagusa daftari la mtoto wao. Usikae na mtoto peke yako chumbani, hata kama nia yako ni njema kiasi gani. Fimbo isahau kabisa: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanaikataza shuleni, ingawa utaombwa uitumie.

Kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu masomo hutolewa kwa lugha ya mahali, kwa hiyo Kiswahili chetu hakitatosha. Jifunze Kinyoro cha salamu na hesabu. Nilipojitolea, nilimkasirikia msichana aliyechelewa kila asubuhi, mpaka nilipomkuta kisimani, jerikani yake ya lita ishirini ikiwa ya kumi na nne kwenye foleni. Tulihamishia kusoma saa tisa alasiri, chini ya mwembe, naye akawa wa kwanza kufika.

Peremende usibebe, beba chaki.