Hadi diski na joto la Kisumu: pima kwanza

Mashine inayonihuzunisha zaidi katika kazi yangu ya ufundi hapa Kisumu ni ile ya kurekodi kamera za CCTV. Mwenye duka huificha chini ya kaunta ili mwizi asiione: kabati limefungwa kwa kufuli, ruta ya intaneti imelazwa juu ya mashine, na nyuma kuna rundo la karatasi za risiti. Hadi diski iliyomo, yaani kifaa kinachohifadhi picha na mafaili, huandika usiku na mchana. Ukiigusa punde baada ya kuzimwa, kidole hakikai.

Hata hivyo, watu huliogopa joto kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya hadi diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba joto halihusiani sana na kufa kwa diski kama ilivyodhaniwa, na zilizokaa kwenye baridi ziliharibika zaidi. Joto kali liliumiza hasa zile zilizofikisha miaka mitatu na kuendelea. Kwa hiyo usinunue kiyoyozi kwa ajili ya kompyuta moja.

Ninachokusihi ni upime. Diski ina kipimajoto chake ndani, na CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows, itakusomea. Wanaotumia mfumo wa Linux watumie programu ya smartctl. Pima saa nane mchana kazi ikiwa imepamba moto, maana kipimo cha asubuhi hudanganya. Kati ya nyuzi 30 na 45 za Selsiasi mimi sina wasiwasi. Ikipita 50 kila siku, na diski ni ya zamani, chukua hatua, hata kama kikomo cha mtengenezaji ni 60.

Lile kabati litobolewe mgongoni, ruta ihamishwe, feni ipulizwe vumbi. Mara nyingi hayo yanatosha.

Sisi wa kando ya ziwa tuna unyevu pia. Utafiti wa mwaka 2016 katika vituo vya data vya Microsoft, yaani majengo ya kompyuta zake nyingi, ulionyesha kwamba unyevu hudhuru diski kuliko joto lenyewe. Usiweke mashine sakafuni wala ukutani panapovuja.

Ukiwa kwenye programu ya kupimia joto, tazama pia idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizohamishwa baada ya kuharibika. Ikiongezeka wiki hadi wiki, nakili picha na hesabu zako siku hiyo hiyo, kabla hujagusa feni.