Lupasi ilipopanda kichwani, aliyeiona kwanza ni dada

Nilikuwa mlangoni nikamwambia dada, "Hebu nipe kile… cha kufungulia." Ufunguo nilikuwa nimeushika mkononi. Jina lake tu ndilo lililonitoka.

Tulicheka. Mwezi huo viungo vilikuwa vimetulia na upele wa usoni umefifia, nikaona lupasi, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, imelala. Dada ndiye aliyeacha kucheka mapema. Akatafuta daftari, akawa anaandika tarehe, nilichosahau na dozi ya siku hiyo ya prednisoloni, ile dawa yangu ya steroidi ya kutuliza kinga. Niliudhika kweli, kuchungwa kama mtoto.

Daftari hilo ndilo lililomfanya daktari aweke kalamu chini na kusikiliza. Mimi ningesema "kichwa kizito siku hizi", basi. Kusahau, huzuni, kukosa usingizi, nani hana? Tena prednisoloni yenyewe, hasa dozi ikiwa kubwa, huvuruga akili, na maambukizi nayo huja na dalili zilezile. Kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa: kusahau kulianza kabla dozi haijapandishwa, au baada? Bila tarehe ningebahatisha.

Hakuna kipimo kimoja kinachokata shauri. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani waliorodhesha hali 19 za lupasi katika mfumo wa neva, kuanzia kifafa na kiharusi hadi ganzi ya miguu. Picha ya ubongo wangu, ile ya MRI, ilitoka safi, nikataka kwenda zangu. Daktari akanizuia: picha safi haifuti dalili. Akaagiza maji ya uti wa mgongo yapimwe kuondoa shaka ya maambukizi, na damu itafutwe kingamwili za antifosfolipidi, zile zinazogandisha damu na kumpa kiharusi hata kijana. (Sindano ya mgongo inatisha kuliko inavyouma. Kichwa cha siku mbili baadaye ndicho sikuambiwa.)

Kuna mambo ambayo si ya kuandika. Degedege, mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla, jicho kupoteza nuru, miguu kufa ganzi huku mkojo umeziba: hospitali, saa hiyohiyo. Na steroidi usizikatishe ghafla ukidhani ndizo zinazokuvuruga. Mwili uliozizoea unaweza kuzidiwa vibaya.

Siku hizi naandika mwenyewe, dada anakagua. Juzi kaongeza mstari: "Kauita uma kijiko, mara mbili." Mimi nakumbuka mara moja.