Ndiyo, watu hawaoni rangi sawa, kwetu Wete tumeishi nalo

Dada mmoja kauliza humu, kabishana na mumewe juu ya kanga, yeye aona buluu mume ashikilia kijani, sasa anataka kujua km watu tunaona rangi sawa. Jibu langu hapana, na sisemi kwa kusoma tu.

Mdogo wangu wa kiume ana tatizo linaloitwa upofu wa rangi, nyekundu na kijani kwake zinakaribiana sana. Mama alikuwa na matuta ya tungule nyuma ya nyumba, akitutuma tukachume zilowiva mimi nikiwa mlangoni tu naziona zinavyochomoza kwenye majani, yeye anakwenda mpaka kwenye mche, anainama, anabonyeza moja moja kwa kidole, ikiwa laini ndo anachuma. Karafuu hivyo hivyo, sie tunaangalia km zimeanza kupata wekundu, yeye anaangalia kichwa kimejaa vipi, na yakhe alikuwa mchumaji mzuri. Taabu ilikuwa skuli. Alichora mwembe majani akayapaka maji ya kunde, mwalimu akamwita mvivu akamchapa mbele ya wenziwe, hili mpaka leo linaniuma.

Ndani ya jicho mna chembe zinaitwa koni, aina tatu, kila aina inashika mawimbi yake ya mwanga halafu ubongo unalinganisha ndo rangi inapatikana. Aina ya nyekundu au ya kijani ikikosekana au ikiwa na kasoro, nyekundu na kijani zinachanganyika. Jeni zake, yaani maagizo tunayorithi kwa wazazi, ziko kwenye kromosomu ya X, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, mwanamme anayo moja tu kwa hiyo ikiwa na hitilafu hana akiba, mwanamke anazo mbili. Ndo mana mjomba wetu naye yuko vile vile na baba macho yake mazima, imepita kwa mama na mama mwenyewe anaona rangi zote. Kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mwanamme 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200, Afrika wachache zaidi lakini wapo.

John Dalton, yule mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa nalo na akaliandikia mwaka 1794, akidhani maji ya ndani ya jicho lake yana ubuluu. Akausia akifa yatazamwe. Alipokufa 1844 wakayatazama, safi kabisa, jicho likahifadhiwa na 1995 wakapima DNA yake wakakuta jeni ya koni za kijani haipo. Miaka 150 ndo jibu linatoka!

Tena si mpaka uzaliwe nalo. Bibi yetu alitolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, basi akawa anaziba hili anafungua hili, anasema kanga nyeupe huku ni nyeupe na huku imefanya umanjano km iliyokaa moshini. Mtu mmoja, kanga moja! Lenzi ikizeeka inaingia umanjano na inazuia mwanga wa buluu, kwa vile inakwenda polepole mwenyewe hajui. Kwa hiyo dada km mumeo kakuzidi umri sana hilo nalo litazame. Na pale buluu inapokutana na kijani hata wenye macho mazima hawakati sehemu moja, huenda hakuna aliyekosea.

Kinachonishangaza zaidi, hata sie tusio na kasoro koni hatukugaiwa sawa, kuna mtu za nyekundu zimezidi za kijani mara nyingi sana na mwengine zinakaribia kulingana, na bado wote ukiwaonesha ndizi mbivu watakwambia manjano. Ubongo unajirekebisha. Lakini hiyo manjano ndani ya kichwa cha mwenzio ikoje, hapo hakuna kipimo, mana sote tumefundishwa kwa kuoneshwa vitu vile vile.

Wenye watoto, kipimo kipo, kadi za Ishihara za tangu 1917, zenye namba iliyofichwa ndani ya nukta za rangi, ulizeni kwenye kliniki za macho, ni dakika chache tu. Mpimeni mtoto kabla hamjamwita mvivu. Mdogo wangu alikuja kupimwa mtu mzima, kadi ya mwanzo yenye 12, ambayo hata wenye kasoro hii huisoma, akaisoma, zilizofuata nyingi akasema haoni namba.