Meya na zabibu za Dodoma

Kaka, umeuliza kama huyu mgombea umeya anaweza kweli kufufua uchumi wa Dodoma kwa kiwanda cha zabibu. Tukumbushane kwanza: meya huchaguliwa na madiwani wenzake, naye ni mwenyekiti wa baraza. Mtendaji ni mkurugenzi wa jiji. Hiyo "nitajenga kiwanda" ni ya jukwaani.

Aliponigusa ni kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo bila riba. Hapo baraza lina meno. Zabibu ikishaiva haisubiri mtu. Mnunuzi akichelewa, mkulima wa Hombolo, Dodoma, anauza kwa bei ya kutupa. Kikundi kilichonunua mashine ya kukamulia na matangi kwa mkopo huo kinageuza mzigo uleule kuwa mchuzi wa zabibu, yaani juisi ghafi ya kutengenezea mvinyo, na mchuzi unakupa nafasi ya kubishana bei.

Kuhusu machinga hakusema la maana, zaidi ya kuwasifu. Akipita mtaani kwenu muulize: fomu ya mkopo ya kikundi inakaa muda gani mezani kabla hela haijatoka?