Umevunjika na tajiri anataka hesabu? Msikilize Marquez kwanza

Wakuu, hii nawaandikia madereva boda ambao sasaivi mko nyumbani na hogo mkononi, pikipiki imeegeshwa ukutani, na kila jioni simu ya tajiri, yani mwenye pikipiki, inaita akidai hesabu yake ya siku. Nimeshapita hapo. Mimi ulikuwa mtulinga wa upande wa kulia, mvua, lami ina oili, abiria hakuumia namshukuru Mungu ila mimi nilitua na bega. Nilivyokaa ndani nikawa nafuatilia sana habari za Marc Marquez, na naweza kusema yule jamaa ndo amenifanya nisirudi barabarani mapema, kuliko ata mama yangu aliyekuwa ananifokea kila siku.

Kwa wasiomjua: ni Mhispania wa Cervera, kazaliwa 1993, anakimbiza kwenye MotoGP, yani ligi kuu ya pikipiki duniani. Zile mashine zinapita kilomita 350 kwa saa kwenye sehemu zilizonyooka. Aliingia 2013 akiwa na miaka 20 na msimu huohuo akabeba ubingwa, hakuna aliyewahi kuubeba akiwa mdogo vile. Mpaka 2019 alikuwa na mataji sita ya MotoGP, ukijumlisha na yale mawili ya madaraja ya chini yanakuwa nane. Kona anazilalia mpaka kiwiko kinakwaruza lami, alafu tairi la mbele likiteleza, pale ambapo mimi na wewe tunakuwa tayari tumeshalala chini, yeye anaisukuma na goti na kiwiko inasimama. (Kibandaumiza cha mtaani kwetu ukiomba waweke MotoGP Jumapili kuna mechi ya Uingereza utapigwa na chupa, mimi naangaliaga kwenye simu.)

Sasa njoo Julai 2020, Jerez, Hispania. Mbio za kwanza za msimu, zilichelewa kwa sababu ya korona. Anateleza mapema, anatoka nje ya njia, anarudi akiwa nyuma huko kama wa 16, alafu anaanza kuwapita watu mmoja mmoja mpaka anafika kwenye nafasi za jukwaani. Zimebaki raundi chache tu, pikipiki inamrusha, na ikamfuata ikamgonga mkono. Ukavunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia, ule wa kati ya bega na kiwiko.

Jumanne akafanyiwa upasuaji, akawekewa bamba la chuma. Jumamosi ileile yuko juu ya pikipiki tena, Jerez palepale. Siku nne! Dunia nzima tukashangilia kwamba huyu ni chuma, mwenyewe akaona mkono haushiki akajitoa, ila alikuwa ameshaupa mzigo. Siku chache mbele yuko nyumbani anafungua dirisha kubwa, lile bamba likakatika. Dirisha tu jamani. Akarudi kupasuliwa mara ya pili, mfupa ukagoma kuunga, Desemba mara ya tatu, wakachukua kipande cha mfupa wa nyonga wakapandikiza, na humo ndani wakakuta kuna maambukizi. Msimu wote ukapotea, ubingwa ukaenda kwa Joan Mir.

Huyu ni mtu mwenye madaktari wake, mwenye mazoezi ya kila aina, ana kila kitu. Wewe una panadol na mafuta ya kuchua.

Kwaiyo la kwanza, hogo likitolewa usidhani umepona. Mfupa unashika kabla haujawa na nguvu yake, na misuli inakuwa imeisha kabisa, mimi mkono wangu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wa darasa la tatu. Uliza picha ya marudio, mwambie daktari kazi yako ni nini, usimwambie tu "nafanya kazi", mwambie nabeba watu kwenye pikipiki, mana jibu atakalokupa ni tofauti kabisa. Na kama unavuta sigara huu ndo wakati wa kuacha, inachelewesha mfupa kuunga, hilo niliambiwa na nikalikuta kweli. Kidonda cha upasuaji kikianza kutoa usaha, au panakuwa pa moto na homa juu, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda sikuhiyohiyo.

Jipime pikipiki ikiwa imesimama. Mkono wa kulia ndo una mafuta na breki ya mbele, yani roho yako na ya abiria iko pale. Panda, weka stendi, mwambie mshkaji mzito akae nyuma kama abiria alafu akuegemee kwa nguvu mgongoni, kama pale unapofunga breki ghafla na mtu mzima anakuja wote juu yako. Hapo uzito wote unashuka kwenye mikono. Mimi mara ya kwanza kufanya hivyo vidole viliachia breki vyenyewe bila mimi kutaka, nikashuka nikarudi kulala. Fikiria hiyo ingekuwa Mandela Road na lori liko mbele.

Kingine watu wanakipuuza, mfupa unaweza kuunga ukaunga vibaya. Marquez alirudi Aprili 2021 kule Portimao, akamaliza wa saba, akaingia gereji akalia. Juni akashinda Sachsenring Ujerumani, njia yenye kona nyingi za kushoto ambayo mkono wa kulia hauteswi sana, na mwaka ule alishinda tatu jumla. Watu tukasema kapona. Kumbe mfupa ulikuwa umeunga ukiwa umejizungusha, mkono hauendi anavyotaka, anaendesha kwa maumivu tu. Juni 2022 ikabidi aende Marekani, Mayo Clinic, wakaukata mfupa upya na kuuzungusha zaidi ya digrii 30. Upasuaji wa nne kwenye mkono mmoja! Sasa wewe kama kiganja hakigeuki kama zamani, au unainua bega ili ufike kwenye klachi, usizoee, rudi hospitali ukaseme. Na tafadhali yule mzee wa mtaani anayenyoosha mifupa kwa kuvuta, mpe shikamoo yake upite.

Macho je? Mwisho wa 2021 alianguka mazoezini, akaanza kuona vitu viwiliviwili, Machi 2022 Indonesia akarushwa vibaya ikarudi tena. Ukigonga kichwa ata kama elementi (helmeti) ilikuwepo, siku zinazofuata angalia kama taa moja unaiona mbili au kichwa kinauma hakikati. Na hiyo elementi iliyopiga lami usiivae tena, kazi yake imeshaisha, ata kama nje inang'aa.

Najua mtaniambia Marquez ana hela, sisi tuna hesabu. Kweli kabisa, na hapa ndo wengi wanapoanguka mara ya pili. Ila mwangalie na hapo. Mwisho wa 2023 aliacha Honda, timu aliyokaa nayo misimu 11, mkataba ukiwa bado una mwaka mzima, akaenda Gresini, timu ndogo, akapewa Ducati ya mwaka uliopita. Bingwa mara nane anakubali kushuka! 2024 akashinda Aragon baada ya karibu miaka mitatu bila kushinda, 2025 timu kubwa ya Ducati ikawa imemchukua, Septemba kule Motegi Japani akabeba taji la saba la MotoGP.

Mimi nilirudi kwa kushuka hivyohivyo. Nilianza na vifurushi, sio watu, mtaani tu, asubuhi, barabara kavu, usiku hapana. Pesa ndogo, washkaji kijiweni walinicheka wakaniita mama ntilie eti nasambaza chapati (na kweli nilikuwa nasambaza). Abiria nilibeba baadae sana.

Alafu mwisho wa hadithi ya jamaa bado. Wiki moja baada ya ubingwa, Indonesia, akagongwa kwa nyuma, bega la kulia likaumia tena, akapasuliwa. Safari hii hakugusa pikipiki, mbio nne zote zilizobaki akazitazama.

Na kuhusu tajiri, usikae kimya mpaka aje kuichukua. Mpigie wewe, mtumie picha ya eksirei, mpendekezee deiwaka, yani dereva wa kukushikia pikipiki kwa muda, unayemjua, asiwe yule wa kuonekana kijiweni jioni tu. Mimi tulikubaliana hesabu ishuke kidogo kwa muda, deiwaka anampa tajiri moja kwa moja na mimi ananiachia hela ya ugali, yote tukaandika kwenye daftari tukasaini watatu. Piga picha tairi, sidemira na usomaji wa kilomita siku unayomkabidhi. Oili nani anamwaga na lini, hilo nalo liandikwe, mana ndo lililotugombanisha.