Kugeuza Hiace ya mizigo kuwa gari la kulala: anza na joto, kitanda kitakuja

Video nyingi zinazofundisha kazi hii zimetoka nchi za baridi. Wenzetu wale wanaziba kila tundu ili joto lisitoke. Ukiiga hivyo Dar, usiku wa Januari utakuwa umelala ndani ya tanuri. Maadui wa huku ni joto, unyevu na chumvi ya bahari, na mpangilio mzima wa kazi ufuate hao watatu.

Gari linalofaa ni Hiace ya mizigo yenye bodi ndefu. Kirikuu usijisumbue nacho, labda unalala peke yako na huna mizigo. Hiace ya umbo la H200, lililoanza kutoka 2004, ina nafasi ya nyuma ya mita 3 hivi kwa urefu, mita 1.5 kwa upana na mita 1.3 kwa kimo. Kwa hiyo husimami, na mtu wa sentimita 170 halali kimkingamo. Kitanda kikae kwa urefu wa gari. Kumbuka pia injini iko chini ya viti vya mbele na hubaki na moto muda mrefu baada ya kuzima, hivyo friji ikae nyuma.

Kabla ya kulipa, funua zulia la sakafu. Gari lililokuwa likibeba samaki kutoka Feri linaweza kung'aa nje huku maji ya chumvi yameshakula bati chini ya zulia. Chokoa kwa bisibisi kwenye maungio na juu ya matairi ya nyuma. Ikipenya, hapo pakatwe pachomelewe bati jipya. Uchomeleaji wote umalizike kabla hujabandika sponji ya kuzuia joto, maana sponji inashika moto, na fundi achomoe terminali ya betri kwanza.

Kazi inayoharibika kuliko zote ni tundu la feni ya juu. Feni nyingi za magari ya namna hii zinataka tundu la mraba la inchi 14, yaani sentimita 35.5 hivi. Likatwe katikati ya mbavu za paa, usikate ubavu. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kwenye rangi, kisha tumia msumeno wa umeme wenye meno ya kukatia chuma. Grainda inarusha cheche, vumbi lake la moto linang'ata rangi ya paa, na asubuhi unakuta vidoadoa vya kutu kila mahali. Piga tupa kingo, futa, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili na uiache ikauke kabisa.

Kuziba nako kuna mtego. Silikoni ya kawaida ya madirisha ya alumini, ile yenye harufu ya siki, inatoa asidi inapokauka na asidi hiyo inaanzisha kutu kwenye bati. Tumia gundi ya poliyurethani ya magari. Halafu mwagia maji ya mpira juu ya paa kwa nusu saa kabla ya kufunga dari. Tundu likivuja, ujue siku hiyo, usisubiri masika ikuambie.

Feni inayotoa hewa bila mahali pa kuingizia inazunguka bure. Weka kidirisha cha chini chenye wavu wa mbu, upande wa pili wa gari.

Paani bandika sponji nyeusi ya mpira ile ya mafundi wa AC, milimita 25. Sponji ya godoro na pamba ya kioo zinanywa unyevu na kukaa nao juu ya bati. Paa lipakwe nyeupe. Ni rahisi na linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Milangoni, usizibe vitundu vya chini vya kutolea maji.

Umeme piga hesabu kwanza. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, kwa joto la Dar, ipe Ah 40 (Ah ni ampea mara saa) kwa siku. Feni ya ampea 2 kwa saa 10 ni Ah 20. Taa na simu Ah 10. Jumla 70. Betri ya lithiamu ya Ah 100 inatosha; ya asidi tafuta 150, maana ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Paneli ya sola ya wati 200 siku ya jua kali inarudisha Ah 60 hivi. Siku za mawingu haifiki hata nusu, kwa hiyo weka na chaja inayochukua umeme wa oltaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka.

Lawama nyingi za friji ni za waya. Friji ikivuta ampea 5 umbali wa mita 5, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza zaidi ya nusu volti kwa kwenda na kurudi. Betri ikishuka kidogo tu, friji inajizima na wewe unadhani mbovu. Weka waya wa 4. Ukinunua Kariakoo, kwangua ncha kwa wembe: ikionekana nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, isizidi sentimita 20.

Maji yasikutoe jasho. Madumu mawili ya lita 20 na pampu ndogo ya volti 12 vinatosha, na dumu unajaza kwenye bomba lolote. La tatu lipokee maji machafu.

Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni unapolala. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye kasha lililozibwa upande wa ndani, lenye tundu la kutokea chini ya gari. Maungio yapake povu la sabuni kila unapobadili mtungi.

Mafundi wa Keko watakushauri mninga. Ni mzuri, lakini uzito! Plaiwudi isiyoogopa maji ya milimita 12 inatosha, shiti moja ni kilo 21 hivi, MDF, ile ya unga wa mbao uliogandamizwa, itavimba. Kitanda kiwe na chaga zilizoachana, vinginevyo godoro litaota ukungu chini. Usipige skrubu sakafuni kabla hujaingia uvunguni kuona tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi.

Kuhusu kadi ya gari, waulize TRA na trafiki kabla ya kukata chochote, na bima waambie matumizi yamebadilika. Kisha endesha hadi Kibaha na kurudi ukiwa na maji na mtungi ndani, na ukifika nyumbani kaza bolti zote upya.